Nusu Inchi

Mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote wa mji ule walikuwa bado wanajifunza. Kwa kweli hakuwa na makuu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele katika nyumba ya vyumba vitatu, mlango ukifungukia barabarani, na ndani mlikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na kiti kimoja cha wateja ambacho mguu wake wa nne uliungwa kwa kipande cha ubao. Mteja mnene akikikalia, Fundi aliacha kushona mpaka ainuke. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na macho yalishaanza kumgomea kwenye tundu la sindano, lakini mdomo ulikuwa mzima. Mtu akimletea suruali ya kupunguza kiuno alimwambia, "Hongera, umekonda." Akimletea ya kuongeza kiuno alimwambia, "Hongera, unakula."

Chumba cha kati kilikuwa chake. Cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe wake, bikizee wa miaka themanini na kitu, aliyebaki na macho ya kutofautisha mchana na usiku tu, na masikio ya kusikia hata lisilomhusu. Watu husema mke na mavyaa ni paka na panya. Hawa wawili walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na saba bila yule mwanamume aliyewaunganisha. Waligombana, ndiyo. Waligombana juu ya chumvi, juu ya dirisha, juu ya nani aliacha redio ikilia. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwenzake, "Nenda kwenu."

Mwanamume huyo aliitwa Katibu, kwa sababu alikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi katika kiwanda cha magunia, na kwa sababu aliandika kila kitu. Aliandika siku mvua iliponyesha. Aliandika nani kaazima nyundo. Mkewe alimtania kwamba hata siku ya kufa atatazama saa kwanza aiandike.

Mashine za kiwandani zilikuwa zikiwakata watu vidole, na kamati ilitaka zifungwe vizuizi. Hilo tu. Lakini serikali ya siku hizo ilikuwa ikisikia watu kumi wamekaa pamoja inaona mapinduzi. Wanakamati walikuwa kumi na wanne. Wakakata shauri kwamba siku ya kwenda kusimama mbele ya lango la kiwanda wavae mashati ya namna moja, ya buluu, ili waonekane ni watu wenye mpango, si wahuni. Kazi ya kushona apewe nani kama si mke wa Katibu? Akaletewa jora moja la kitambaa na kupewa siku tatu.

Basi hapo ndipo penye jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu. Wanaume wale walikuja mmoja mmoja jioni, wamenawa, wamejikaza vifua kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Akampitishia kila mmoja futi: kifua, mabega, shingo, mkono. Alitaja namba kwa sauti, na Katibu akaziandika katika daftari lenye jalada jekundu, kila mtu na ukurasa wake. Walifurahi mno. Wengi wao hawakuwahi kupimwa na fundi maishani; walivaa mitumba, au walichoachiwa na kaka zao. Walipoondoka, Fundi akalitazama lile jora, akazihesabu zile siku tatu, akalifunga daftari. Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye haraka hakumbuki methali. Alikikunja kitambaa mara kadhaa, akakata kwa mafungu: mashati manne madogo, sita ya kati, manne makubwa. Fundi yeyote aliyewahi kushonea timu ya mpira anaijua hila hiyo. Futi ile ya kifuani ilikuwa ni kumheshimu mteja tu. Mkasi ulikwenda kwa sheria zake. Na mashati yalipovaliwa, kila mtu alisema, "Limenikaa barabara! Kweli umenipima." Fundi akacheka moyoni.

Siku ya kusimama langoni, lori la askari lilifika kabla ya meneja. Watu waliokuwa pale walizidi mia mbili. Askari hawakuuliza jina la mtu. Walisema, "Wenye mashati ya buluu, panda." Wakapanda kumi na wanne, na hakurudi hata mmoja. Fundi aliyaona yote kutoka ng'ambo ya barabara, na tangu siku hiyo hakushona tena nguo ya buluu, hata kwa mteja aliyembembeleza.

Baada ya wiki moja askari walikuja nyumbani kutafuta karatasi za kamati. Walibeba kila alichoandika Katibu, mpaka barua za uchumba. Daftari jekundu hawakuliona, maana lilikuwa ndani ya gunia la vipande vya nguo, na juu ya gunia alikuwa amekaa bikizee, wakati huo bado ana macho yake, akilalamika kiuno na kuwaomba askari wamletee dawa ya kuchua. Kisa hicho kilienea kwa wajane wenzake wote kumi na watatu. Wakikutana, mmoja alikuwa hakosi kusema, "Majina yamo, vipimo vimo. Siku wakipatikana, Fundi atatuambia nani ni nani." Mara ya kwanza aliposikia hivyo, Fundi alitaka kusema ukweli. Mara ya pili aliona si mahali pake. Baada ya hapo miaka ilimzoesha, naye akawa anaitikia kwa kichwa kama wengine. Nani angedhani wataonekana?

Ikaondoka serikali hiyo, ikaja nyingine, na baada ya maneno mengi ikaundwa Tume ya kutafuta ukweli wa siku zile. Tume ilikuwa na meza ndefu, vipaza sauti na vitambaa vyeupe vya meza. Meno haikuwa nayo. Sheria yake ilisema isikilize, iandike, wala isimfunge mtu. Yule aliyeliongoza lile lori, Luteni wa wakati huo, sasa mstaafu mwenye fimbo, aliitwa akaja. Mke wa Kinanda alisimama. Kinanda alikuwa mwanakamati aliyepiga mluzi kutwa kucha, rafiki wa Katibu wa chanda na pete, na mkewe ni mwanamke mpole ambaye hata sokoni huomba radhi kabla ya kuuliza bei.

"Mzee," alisema, "mimi sitaki ufungwe. Nataka uniambie tu mlimweka wapi."

"Mama yangu," Luteni akajibu, "nina kisukari, nina presha. Hayo ni mambo ya zamani. Sikumbuki."

Mwenyekiti wa Tume akamshukuru kwa kufika. Akamshukuru! Fundi hakusikia mengine. Alikuwa anaitazama suruali ya Luteni ikitoka nje. Mkunjo wa pasi ulikuwa mmoja, umenyooka, na pindo limelala sawasawa juu ya kiatu. Watu kumi na wanne alikuwa amewasahau, lakini kunyoosha suruali alikumbuka. Suruali ilikuwa imeshonwa vizuri, na hilo lilimuudhi Fundi kuliko yote.

Kwa hiyo si Luteni aliyewaonyesha walipo. Miezi mitatu baadaye, vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa maji machafu nyuma ya ghala moja la zamani walikuta mifupa. Palikuwa na watu tisa, na juu ya mbavu zao mabaki ya kitambaa cha buluu, kile chenye nailoni ndani yake ambacho udongo haukimalizi upesi. Watano waliobaki walipelekwa kwingine, na mtu pekee aliyejua ni akina nani na ni wapi alikuwa na kisukari na presha.

Tume ikamtuma daktari wake wa mifupa, mwanamke kijana mwenye miwani, aende kwa Fundi. Alipofika, alikuta wajane saba wameshatangulia. Habari hazina mguu lakini hufika. Wengine walikaa sakafuni. Daktari akapewa kile kiti, nacho kikamheshimu.

"Mama," alisema, "mifupa inaniambia huyu alikuwa mrefu, huyu wa kadiri. Jina hainiambii. Kupima damu na ndugu kunahitaji maabara ya nje, na hilo halitafanyika, maana Tume inafungwa mwisho wa mwezi. Nimesikia una daftari la vipimo."

Wajane wote wakamgeukia Fundi. Akaingia chumba cha kati, akatoka nalo, jalada limefifia likawa rangi ya matofali. Daktari alilifungua, akaona kurasa kumi na nne, mwandiko safi wa Katibu, kifua, mabega, shingo, mkono. Akavua miwani akaifuta.

"Mama, hujui umefanya nini. Kila shati nikilipima, nitamjua mwenyewe."

"Mwanangu," Fundi alisema, "hilo daftari..."

"Ndiyo, mama?"

Wajane saba walikuwa wakimtazama. Mmoja alishaanza kulia kwa furaha. Mke wa Kinanda alikuwa amemshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Lisije likalowa," Fundi akasema.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mateso. Alishona mkono wa koti ndani nje. Alimpa mwalimu suruali ya mwuza mkaa, na mwuza mkaa akavaa ya mwalimu akaenda nayo harusini. Kila asubuhi alipiga moyo konde kwamba leo ataenda kwenye ofisi ya Tume aseme, na kila asubuhi palitokea sababu: mteja wa haraka, mvua, kikohozi cha mama mkwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, alilijua hilo. Alijua pia kwamba anaona haya, haya ya kitoto kabisa, ya mtu aliyesifiwa miaka ishirini na saba kwa kazi ambayo hakuifanya.

Alhamisi saa sita mchana Mwenyekiti aliyasoma majina kwenye redio. Fundi alikuwa mbele anashona, redio iko nyuma kwa bikizee. Alisikia sauti ya mtu anayesoma polepole, kisha kishindo cha kikombe kuanguka, kisha akamwona mama mkwe wake mlangoni, bila fimbo, mkono mmoja ukutani. Kwa miezi minne hakuwa ameinuka kitandani peke yake.

"Mkwe wangu! Wamemtaja! Wa sita, wamemtaja mwanangu!"

"Nimesikia, mama. Kaa, utaanguka."

"Nikae vipi? Nilikwambia mimi siendi popote kabla hajapata pa kulala. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mama."

Majina yalikuwa tisa. La Kinanda halikuwemo.

Kesho yake familia tisa ziliitwa kwenye ukumbi kuyaona mashati. Zile familia tano nazo zilikuja, kwa kuwa hakuna aliyewakataza. Palikuwa na meza tisa zilizotandikwa karatasi nyeupe, na juu ya kila meza shati, au kilichobaki cha shati, na namba pembeni. Fundi alitembea polepole kati ya meza. Hakuhitaji namba. Aliona ncha za kola alizozigeuza kwa bisibisi ya Katibu kwa kukosa kifaa kingine. Aliona mishono miwili ya kurudia kwenye pembe za mfuko. Ni mkono wake, wote ni mkono wake. Angeutambua gizani kwa vidole. Akahesabu kwa macho ya fundi: madogo mawili, makubwa mawili, ya kati matano.

Ya kati matano. Wenye mashati ya kati walikuwa sita, na Katibu na Kinanda walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo watano kati ya sita wako hapa, na mmoja hayupo, na Daktari kaandika kwamba asiyekuwepo ni Kinanda.

Akasimama mbele ya namba sita. Karatasi ya pembeni ilieleza kila kitu kwa unyoofu. Mabega ya shati, inchi kumi na saba na nusu. Katibu katika daftari, kumi na saba na nusu. Kinanda katika daftari, kumi na saba kamili. Basi ni Katibu. Fundi akainama akautazama mshono wa bega. Ulikuwa umebanwa kidogo upande mmoja na kuachiwa upande wa pili, mshono wa shati la mwisho mwisho, wakati mgongo unauma na jicho linataka kufumba. Nusu inchi ile haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa ya mkono uliochoka.

Alimfuata Daktari kwenye ujia wa nyuma, kwenye pipa la maji ya kunywa.

"Daktari, nina neno."

"Niambie, mama."

"Sikukata kwa daftari."

Daktari hakuelewa. Fundi akamweleza yote: jora, siku tatu, mafungu matatu, futi iliyopita vifuani kwa heshima tu. Alieleza kwa kirefu, mpaka mambo yasiyoulizwa, kama mtu anayetapika. Alipomaliza, Daktari alikuwa bado ameshika kikombe kitupu.

"Kwa nini hukuniambia wiki iliyopita?"

"Niliona haya."

"Haya?"

"Walikuwa wanasema nimewapima."

Daktari akatazama nyuma kuelekea ukumbini, ambako mtu alikuwa akilia na mwingine akimbembeleza. "Mama, nikiandika hivi, fomu zote tisa zinafutwa. Sheria inasema wasiotambuliwa wazikwe pamoja, shimo moja, bamba moja, bila majina. Jumatano Tume inafungwa. Hakuna atakayeanza upya. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Na usipoandika?"

"Nisipoandika, kila familia itapata wake."

"Si wake."

"Labda ni wake. Labda si wake." Daktari alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kulia akakumbuka yuko kazini. "Mimi bado sijasikia kitu, mama. Nilitoka kunywa maji. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye meza yangu. Ukija ukaniambia, nitaandika neno kwa neno."

Fundi aliondoka na hasira. Alikuwa amejitayarisha kukaripiwa, kuitwa mwongo, kutolewa mbele za watu. Hakujitayarisha kupewa jambo lile alirudishe nyumbani kwake lilale naye.

Nyumbani alikuta majirani wameshahamisha kitanda cha bikizee upande mmoja ili sanduku la mwanawe lipate nafasi. Mwenyewe amekaa juu ya kiti cha wateja, ameogeshwa, amevaa gauni la kahawia ambalo Fundi alimshonea akaambiwa ni la kuzikiwa yeye, si la kuvaliwa.

"Umeliona?"

"Nimeliona, mama."

"Lina mkono wako?"

"Lina mkono wangu."

Bikizee akapiga makofi mara moja, kwa sauti, akacheka na machozi yakimtoka. "Niliota kila mwaka amelala njiani, watu wanamruka. Sasa atalala. Sasa na mimi nitalala." Fundi akamfunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda chumba cha kati akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

Kesho yake saa mbili na nusu alifunga mlango akatoka. Alikwenda kwa haraka, kichwa chini, asije akaghairi. Kwenye kona ya barabara kubwa akakutana na mke wa mwanakamati mmoja mnene, yule wa namba mbili, anatoka dukani na kitambaa cheupe kipya kwapani. Yule mama alimkumbatia katikati ya barabara, magari yakipiga honi, akamshika kwa nguvu hata kitambaa kikaanguka. Kisha akamwambia sikioni, "Nilikuwa siwezi hata kuolewa tena, Fundi, kwa kuogopa atarudi anikute. Mungu akulipe." Fundi akaokota kitambaa, akakipangusa vumbi, akamrudishia. Saa tatu ilipogonga alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yake.

Baadaye alijiambia kwamba alirudi kwa ajili ya mama mkwe, na kwa ajili ya yule wa kitambaa cheupe. Hiyo haikuwa kweli yote, naye alijua. Alirudi pia kwa sababu na yeye alilitaka sanduku. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mke wa mtu aliyetoka asubuhi akachelewa, na alichoka kungoja. Angeweza kuwa mwema, angeweza kuwa mkweli, lakini siku ile hakuona njia ya kuwa vyote viwili, na hakuna aliyemsaidia kuitafuta. Tume ilikuwa na magari sita na madereva sita, na jambo lote la kusema nani ni nani likaachiwa mwanamke mmoja mwenye futi.

Walizika Jumatatu, wote tisa siku moja, kila mmoja na shimo lake na jina lake. Bikizee alishikwa mikono na wawili, akashushwa mpaka chini, akaweka kiganja juu ya mbao. Alisema maneno ya mama kwa mtoto, ya kawaida kabisa, kwamba huko chini si pa baridi sana na kwamba asijali. Fundi alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo. Watu walisema, tazama mapenzi ya kweli. Yeye mwenyewe hakujua anamlilia nani, na kadiri alivyojaribu kuuona uso wa Katibu ndivyo zilivyomjia nyuso sita, zote zimejikaza kifua mbele ya futi. Luteni alituma salamu za rambirambi, zikasomwa.

Mke wa Kinanda alikuwepo tangu alfajiri. Ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyeosha vyombo baada ya watu kuondoka. Hakulalamika hata kidogo, na Fundi hakuweza kumtazama.

Wiki ya tatu akaja chumba cha mbele na sketi ya kupandisha pindo. Sketi haikuhitaji kupandishwa pindo. Akakaa kwenye kiti pembeni kabisa, akaomba radhi kwa kumpotezea muda.

"Mwenzangu, nina ombi. Ukiliona la kijinga, uniambie tu."

"Sema."

"Wenzetu sasa wana pa kwenda. Mtu akizidiwa anakwenda, anakaa kidogo, anarudi. Mimi sina. Nimefikiri, Katibu na Kinanda walikuwa marafiki. Ukienda kwake, na mimi nikufuate siku mojamoja. Sitasumbua. Nikae tu pembeni."

Fundi alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa, akaichomeka kwenye mto wake. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani: mwenzangu, walikuwa sita, wako watano, pengine ni wako, pengine wa kukufuata ni mimi. Akamtazama usoni, akaona jinsi alivyojiandaa kukataliwa kwa upole. Angemwambia nini baada ya hapo? Kwamba kaburi lenye jina la mtu mwingine labda ni lake, na labda si lake? Kwamba sasa awe na shaka badala ya kukosa? Na wale wanne wengine wenye mashati ya kati, wake zao walale vipi leo?

"Twende kesho," Fundi alisema.

Walikwenda asubuhi. Udongo ulikuwa bado haujashuka, na kibao chenye jina la Katibu kilikuwa kimeegemea upande. Mke wa Kinanda alikinyoosha, akakikandamiza kwa kiganja mpaka kikasimama wima. Kisha akatandika kipande cha mkeka upande wa miguuni.

"Kaa kichwani," Fundi akamwambia.

"Hapana, jamani. Kichwani ni pa mke."

"Kaa kichwani, nakuomba."

Akamtazama kwa mshangao, lakini hakuwa mtu wa kubishana. Akahama, akakaa, akanyoosha miguu. Halafu akaanza kuongea na udongo kwa sauti ndogo, kwa adabu, kama mtu aliyepita nyumbani kwa watu kuacha maagizo.

"Shemeji, ni mimi. Tumekuja na mkeo. Sikai sana. Ukimwona mwenzako huko mliko, mwambie watoto wote wameoa, na mdogo anapiga mluzi kama yeye. Mwambie nimeuliza kila ofisi. Mwambie bado namtafuta."

Fundi alikaa miguuni, mikono mapajani, akayasikiliza yote mpaka mwisho.